Mikono Yangu, Tumbo la Mwenzangu

Mhariri wa jarida letu aliponijia akaniomba niandike somo juu ya usafi na sheria za afya, nilicheka kidogo. Alidhani ananipa kazi nyepesi kwa kuwa niliwahi kuwa kiranja wa usafi. Hakujua kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo kazi yenyewe imekuwa nzito. Makala ya usafi sote twayajua. Huanza na "kinga ni bora kuliko tiba", ikafuata orodha ya mambo kumi, na kabla hujafika la nne msomaji keshafungua ukurasa wa vichekesho. Basi mimi nitaanza na daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa 96, jalada la buluu, limening'inizwa kwa uzi kwenye msumari nje ya stoo. Juu liliandikwa KIBUYU CHIRIZI. Kwa wale waliojiunga nasi majuzi, kibuyu chirizi ni ile jerikeni ya lita 5 iliyotobolewa kitundu kimoja chini kisha kikazibwa kwa kijiti. Ukichomoa kijiti maji yanachirizika kama uzi, unanawa, unakirudisha. Kando yake huning'inia kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu. Ni kitu cha bei ya bure, lakini mtu akinawa hapo hutumia maji kidogo sana kuliko kwenye mfereji uliofunguliwa wazi, na hatumbukizi mkono mchafu ndani ya beseni wanalotumia wenzake.

Tulikuwa navyo sita: vinne karibu na vyoo, viwili mlangoni pa bwalo. Kazi yangu ilikuwa kuvijaza maji asubuhi kabla ya gwaride na jioni kabla ya chakula, kuangalia sabuni, kisha kutia alama ya vyema daftarini na kuweka sahihi. Dakika ishirini kwa siku, hazizidi.

Muhula wa pili nikiwa Kidato cha Pili, pampu ya kisima chetu iliharibika. Tukawa tunateka maji mtoni kwa jerikeni, zamu kwa zamu. Nesi wa shule akatoa amri mbili. Kwanza, maji ya kuoshea vyombo yatiwe klorini na yakae nusu saa kabla ya kuguswa. Pili, ya kunywa yatoke kwenye pipa la jikoni tu, ambalo mama mpishi alikuwa akilichemsha usiku. Mikono ilibaki chini yangu mimi na vibuyu vyangu.

Sasa, kuteka maji ya mto ya kujaza vibuyu sita, na juma hilo hilo tuna mitihani ya katikati ya muhula, si mchezo. Jumatano jioni nikaruka. Nikajiambia nitajaza kesho. Alhamisi nikaruka asubuhi na jioni. Ijumaa vivyo hivyo. Lakini alama nilitia, jamani. Kila siku nilipita nje ya stoo nikatia vyema mbili safi, sahihi yenye mkia mrefu, nikaenda zangu kusoma Hesabu. Uvivu peke yake ungekuwa jambo moja. Kibuyu kikavu kila mtu anakiona, na mwenye akili atakwenda kutafuta maji kwingine au atamwambia mwalimu wa zamu. Daftari lililojazwa ndilo lililomnyima nesi nafasi ya kujua. Yeye alikuwa akilisoma kila jioni na kuamini.

Jumapili usiku jirani yangu wa kitanda cha chini aliamka kwenda chooni mara ya kwanza kabla ya saa sita. Mara ya tano sikuhesabu tena. Kulipopambazuka alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu. Macho yalikuwa yamebonyea ndani, midomo imekauka kama ganda la mahindi, na nesi alipomfinya ngozi ya mkono ikabaki imesimama kidogo kabla ya kulala chini. Chooni alikuwa akiona damu. Kufikia adhuhuri Jumatatu wagonjwa walikuwa 23, kutoka mabweni matatu.

Bwalo zima likaanza kunong'ona neno moja: kipindupindu. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunapenda maneno, na hilo neno linatisha kwa sauti yake tu, ukilitamka unasikia pinda na pindua ndani yake. Hofu ilikuwa na sababu. Kipindupindu kiliingia bara letu mwaka 1970 katika wimbi lililoanzia Indonesia mwaka 1961, na Kenya imekipata mara nyingi tangu 1971. Kilivuma wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kikazuka tena Oktoba 2022. Nacho kinaweza kummaliza mtu mzima kwa saa chache asipopewa maji.

Vipimo viliporudi kutoka hospitali ya wilaya tuliambiwa si kipindupindu. Ni kuhara damu, na kijidudu chake kinaitwa shigela. Wengi walishusha pumzi. Mimi nilishusha nusu tu, maana nesi alieleza jambo ambalo sijalisahau. Kijidudu cha kipindupindu kwa kawaida huhitaji jeshi kubwa ndipo kimwangushe mtu mwenye afya, na mara nyingi hupitia katika maji au chakula. Shigela hahitaji jeshi. Vijidudu kumi hadi mia moja vinatosha. Idadi hiyo inakaa chini ya ukucha mmoja na nafasi inabaki. Kwa hiyo huyu husafiri hasa kwa mikono: kutoka chooni hadi kitasa cha mlango, kitasa hadi kipande cha ugali, ugali hadi mdomoni. Njia yote hiyo ilikuwa ikipita mbele ya vibuyu vyangu vikavu.

Kwanza niseme kilichowaokoa wenzetu, kwa sababu ni somo ambalo kila mmoja anaweza kulibeba nyumbani likizo ijayo. Anayehara hufa kwa kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Nesi alitumia pakiti za zahanati, na zilipokwisha akatengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Vipimo ni vipimo. Chumvi ikizidi inadhuru, na sukari ikizidi inaongeza kuhara. Mgonjwa hunywa kidogo kidogo, akitapika anangojea dakika kama kumi halafu anaendelea polepole. Sukari haipo hapo kwa ajili ya utamu: ndiyo inayofungulia chumvi mlango katika utumbo, na maji hufuata chumvi.

Jambo dogo hivi liliwahi kubishaniwa na wakubwa. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa mjini Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingia. Dawa ya maji ya kutundikwa kwenye mshipa ikawaishia madaktari. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa na kuwapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vimefikia karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Mimi napenda sana kisa hiki kwa sababu ya wale jamaa wenye vikombe. Hawakuwa wauguzi. Walipewa kazi na kipimo, wakaifanya usiku kucha, na hakuna aliyetia vyema bila kunywesha.

Jumanne akaja Bwana Afya. Alikuja kwa pikipiki, kofia mkononi, mtu wa makamo asiyepandisha sauti. Alikagua vyoo, jiko, vyeti vya wapishi (hao kisheria hupimwa kila miezi 6), akachota maji ya pipa akatia ndani ya kichupa. Halafu akauliza daftari la vibuyu. Mwalimu wa zamu akaniita. Nikalileta.

Akafungua. Akatazama ukurasa ule wa mitihani, vyema zimepangwa kama askari. "Kazi nzuri, kijana," akasema. Moyo ukanirukaruka kama chura. Kisha akaenda kwenye kibuyu cha kwanza cha vyooni, akakitikisa. Akakifungua kifuniko, akaingiza kidole na kukizungusha ndani. Kilitoka na uzi wa buibui.

"Huyu buibui," akaniuliza taratibu, "alijenga lini?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichukua kalamu, akachora mstari chini ya ukurasa, akaandika tarehe na neno "Kikavu". Kisha akaniambia, "Mwanangu, siwezi kukuambia ni mkono upi ulioleta ugonjwa huu, wala sitakudanganya kwamba najua. Lakini kama ningesoma 'kikavu' hapa Alhamisi, ningekuwa nimekuja Ijumaa."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa mwaka mzima. Watu hudhani sheria za afya ni za kutisha watu na faini. Tunayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ya tangu 1921, na inampa afisa wa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kuamuru uchafu uondolewe. Lakini afisa ni mmoja na vijiji ni vingi. Sheria hiyo ikishaandikwa hufanya kazi kupitia watu wadogo walioshika madaftari: mpishi, mchinjaji, mwenye kioski, kiranja. Mmoja wao akiandika uongo, sheria yote mahali pale imekuwa karatasi ya kufungia mandazi.

Najua kuna atakayeniuliza: "Mbona unajitwika lawama zote? Pampu iliharibika nusu muhula, nani aliitengeneza?" Swali zuri, na nililiuliza mwenyewe nikijitafutia mahali pa kujificha. Ni kweli huwezi kumhubiria mtu kunawa mikono na maji hakuna. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya bora kadiri iwezekanavyo, ya usafi wa mazingira unaostahili, na ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo haikuandikwa kwa kalamu ya penseli. Wakubwa walipaswa kutengeneza pampu, na nadhani walichelewa. Lakini deni la mwingine halilipi deni langu. Mto ulikuwepo, jerikeni zilikuwepo, na mimi nilikuwepo.

Kuna nyakati sheria inapaswa kumshika mtu mkono kwa sababu tabia peke yake haitoshi. London mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikunywa maji ya wapi, na njia nyingi zikamrudisha kwenye bomba moja la mkono katika barabara ya Broad Street. Aliwaonyesha wakuu wa mtaa, na Septemba 8 wakaondoa mpini wa bomba. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua, lakini bomba halikuweza kuuwasha tena. Karibu na hapo palikuwa na kiwanda cha pombe ambacho wafanyakazi wake walinusurika, kwa kuwa walipewa pombe ya kazini na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Wenzangu wa Kidato cha Nne, msinielewe vibaya. Kilichowaokoa ni kutokunywa maji ya bomba lile.)

Na kuna nyakati amri ipo, maji yapo, na bado watu wanakataa. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, daktari katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, aliona kina mama wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi katika wodi ya madaktari kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili mwaka huo walikufa karibu 18 katika kila wazazi 100. Kufikia Juni ilikuwa karibu 2. Ungedhani wangembeba juu juu. La hasha! Wengi walichukia kuambiwa kwamba mkono wa daktari msomi unaweza kuwa mchafu, na hatimaye akaondoka Vienna. Nikisoma kisa hiki namwona Kidato cha Nne fulani aliyewahi kunijibu mlangoni pa bwalo, "Wewe mtoto wa fomu tuu utaniambia mimi ninawe?" Ndiyo, kaka, nilipaswa kukuambia. Tatizo ni kwamba siku hiyo sikuwa na maji ya kukupa.

Hapa kwetu nimeona pia jinsi amri inavyozeeka. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, nami nilikuwa shule ya msingi. Kila duka likawa na jerikeni mlangoni, kila stendi ya matatu na sabuni yake. Pita leo uangalie. Mahali pengi vile vibao vya miguu vya kukanyagia mfereji vimebaki vyuma tu. Ni kama mikanda ya matatu: kanuni zilianza kutekelezwa Februari 2004, na hadi leo kuna abiria anayejifunga akiona kizuizi cha polisi mbele na kujifungua kikishapita. Mtu wa namna hiyo hajifungi kwa ajili ya kifua chake. Anajifunga kwa ajili ya polisi. Mimi nilikuwa najaza daftari kwa ajili ya nesi.

Nilipotaka kujirekebisha, kuahidi hakukunisaidia. Nilijaribu kuahidi, ahadi ikadumu siku nne. Kilichosaidia ni kufungamanisha kazi na kitu ambacho sikosi kukifanya. Sikosi chai ya asubuhi, hata kama ni ya mkandaa. Basi nikaweka jerikeni ya kujazia vibuyu chini ya rafu ya kikombe changu: siwezi kuchukua kikombe bila kuigusa. Mwezi wa pili miguu ilikuwa ikienda yenyewe.

Kunawa nako nilijifunza upya, maana nilikuwa nalowesha vidole na kuviita safi. Maji matupu huacha mafuta, na vijidudu hung'ang'ania katika mafuta hayo. Sabuni ndiyo inayoyabandua. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20 hivi, kisha suuza na uache vikauke kwa hewa. Ukijipangusa kwa sketi au suruali uliyokalia kutwa umejirudishia. Baada ya choo na kabla ya kula ndizo nyakati zisizosameheka. Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote, si kutoa moshi tu, yafunikwe, na yamiminwe badala ya kuchotwa kwa kikombe cha kila mtu. Kuni zikikosekana, maji maangavu ndani ya chupa angavu ya plastiki yaliyolazwa kwenye jua kali kwa saa 6 huwa salama zaidi. Kukiwa na mawingu yanahitaji siku mbili.

Rafiki yangu wa kitanda cha chini alilazwa siku nne. Daktari alimpa dawa ya kuua vijidudu, ambayo si ya kununua kiholela kwenye kioski, maana shigela wengine wamekwisha kuzizoea dawa. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikosa mitihani miwili. Kila mtu alimpa pole. Mimi nilikaa siku mbili nikimkwepa, kisha usiku mmoja baada ya taa kuzimwa nikamwambia habari ya daftari. Akanyamaza kwa muda, nikadhani kalala.

"Kwa hiyo ile vyema ya Ijumaa," akasema, "mimi niliiona. Nilikuta kibuyu kikavu, nikaenda kuangalia daftari, nikaona umetia. Nikadhani maji yameisha tu sasa hivi. Nikaenda kula."

Sijawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo. Asubuhi yake nilimwendea naibu wa mwalimu mkuu nikasema yote. Nilivuliwa ukiranja, nikafyeka nyasi wiki mbili, na pampu ikatengenezwa mwezi uliofuata. Baadhi ya marafiki waliniona mjinga, ati Bwana Afya alikuwa keshakwenda na habari imekwisha. Labda. Lakini yule wa chini yangu bado tunakula sahani moja.

Daftari la buluu liliisha, sasa lipo la kijani, na kiranja ni msichana wa Kidato cha Pili mwenye bidii kunishinda. Ameongeza safu mbili: moja ya anayejaza, nyingine ya mwanafunzi yeyote anayepita na kuhakikisha kwa mkono wake. Juma lililopita nilipita nikakuta kibuyu cha pili cha bwalo hakina sabuni. Nikaandika "Sabuni hakuna" kwenye safu ya pili. Akaja mbio, uso umekunjamana.

"Kaka, mbona umeniharibia ukurasa?"

Nikamwambia tukimbie stoo kabla kengele ya chakula haijalia. Tulikuta imebaki miche miwili.